Barua Niliyokaribia Kumpa Adeer Nuur

Alhamisi. Joto la leo Garissa halina adabu, lakini jasho lililonitoka halikuwa la jua.

Mimi ni mwanasaikolojia, na hii ni wiki ya tatu tunafundishwa kupima ubongo ulioumia na kumsaidia mgonjwa arudie maisha yake. Leo nilipewa nimpime Adeer Nuur, yaani ami Nuur kwa heshima yetu Wasomali, dereva wa lori la mifugo kutoka Habaswein. Lori lilipinduka, akaumia kichwa. Kidonda kimepona, na alitaka kitu kimoja tu: barua ya kumruhusu arudi kwenye usukani.

Karatasi za kumpimia zina maneno ya kukariri na picha za vitu ambavyo adeer hajawahi kuviona. Nikaona upuuzi mtupu. Mimi mtoto wa mtaa wa Iftin, hapahapa Garissa bwana, nani atanifundisha watu wangu? Nikaziweka kando, nikamwomba anitajie abtirsi yake, majina ya mababu zake. Akashuka nayo, zaidi ya majina ishirini, bila kukwama hata mara moja. Mashallah! Nikajipongeza, nikaandika barua: kumbukumbu ni nzima, aendeshe.

Ilibaki sahihi ya mwalimu wetu tu.

Nikatoka kuswali adhuhuri. Niliporudi, adeer alinisalimia kwa bashasha, akaniuliza mimi ni binti wa nani. Nikacheka, nikidhani ananitania. Wapi! Akaanza kunitajia mababu zake tena, kuanzia jina la kwanza.

Ya Allah.

Mkewe, Eedo Halima, shangazi kwa heshima, alikuwa ameketi kwenye benchi muda wote huo. Akasema polepole, "Kila asubuhi yeye nauliza mimi lori iko wapi. Wewe hukuuliza mimi kitu."

Kweli, sikumuuliza. Kiburi si maungwana, na leo nimekiona changu. Mwalimu hakunigombeza. Alinieleza tu kwamba yaliyokaririwa utotoni huweza kubaki hata pale mambo ya asubuhi hii yanapokataa kushika, na ndiyo sababu ya yale maneno niliyoyadharau. Nikaiwaza barabara ya Wajir, mbuzi wamejaa, vijana wamekaa juu ya lori, na adeer kwenye usukani na barua yangu mfukoni.

Nikaichana.

Nikamwambia hataendesha. Mtu mzima yule akajifunika uso kwa shali, akalia. Baada ya chai akaniuliza, kwa heshima kabisa, kama barua yake iko tayari. Nikamwambia tena. Akalia tena, machozi yaleyale, uchungu mpya.

Tumempa daftari la kuvaa shingoni, awe anaandika mambo ya siku. Matibabu yanaanzia hapo. Ukurasa wa kwanza bado mtupu. Nilishindwa kumsimamia auandike leo.

Kesho saa mbili atakuja. Nitamwambia mimi ni binti wa nani, naye ataniuliza barua. Itanibidi nimjibu. Itakuwa mara ya tatu kwangu, na kwake itakuwa ya kwanza.