Chupa ya Uzi Mwekundu

Newala, 19 Oktoba 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Na mama, magoti yanamwachia alale? Mimi nipo tu, napumua.

Tangu mrudi Masasi baada ya mazishi sijatoka nje. Nimekaa na eda yangu, Mama Ashiru ananipikia kama vile mimi ndiye aliyenizaa, si marehemu mume wangu. Simu usipige, wale wezi walinipondea palepale shambani. Barua hii anakuletea Mwalimu Helena, jirani yetu, anayekwenda kwao Masasi kila Ijumaa na kurudi Jumapili.

Kuna jambo sikulisema mbele za watu. Siku ile, kwenye shamba letu la Mnyambe, Ashiru alitangulia. Akawakuta wanapakia korosho zetu kwenye pikipiki, mchana kweupe, nyuso wazi, wanacheka. Akajibanza akawapiga picha kwa ile kamera ya mkanda uliyompa tulipooana. Walipomgundua ndipo wakajifunga mashati usoni. Nilipofika walikuwa wanamkata mume wangu kama kuni. Panga la bega, panga la shingo. Nikamrukia mmoja mgongoni, mwingine akanivunja vidole viwili kwa mpini wa jembe. Hayo unayajua. Usilolijua ni kwamba Ashiru aliitupa kamera kwenye lundo la mabibo, na niliiokota mimi, imejaa sisimizi.

Kabla hajakata roho hospitali aliniambia, "Wamo mle, Zuhra. Safisha picha."

Afande wa kesi anasema mkanda wa namna hiyo huku hakuna wa kuusafisha, nimletee picha zinazoonekana. Basi nitasafisha mwenyewe, humuhumu ndani. Nitumie vifaa vyako: lile kopo jeusi na gurudumu lake la kuviringia mkanda, mfuko mweusi wa kuingizia mikono, kipimajoto na dawa zote mbili, ya kutoa picha na ya kukazia. Nataka nizione nyuso zao, baba. Nataka wanyongwe.

Mwanao,
Zuhra

*

Masasi, 22 Oktoba 2023

Mwanangu Zuhra,

Marahaba, marahaba sana. Kifua hakijambo, mama yako naye anajikongoja. Anakulilia kila swala. Mpe pole Mama Ashiru.

Barua yako niliwasomea wote wawili, mama yako na mdogo wako Mujibu. Mama alijifunika kanga akalia. Mujibu akainuka, akatoka nje. Bado ana bandeji mkononi tangu pikipiki imwangushe kule Nanganga, ndiyo maana hakuja mazishini. Msamehe.

Sasa wewe mtoto una wazimu. Vidole viwili vimevunjika, utauviringaje mkanda gizani? Mpe Helena huo mkanda aniletee. Nimesafisha picha za harusi na za kadi za kura za wilaya nzima, nitashindwa na huo mmoja?

Ni mimi baba yako,
Khalfan

*

Newala, 26 Oktoba 2023

Baba,

Shikamoo. Mama shikamoo. Mujibu mwambie apone haraka, nimemkumbuka.

Mkanda sitoi. Usiniombe tena.

Jumanne adhuhuri walikuja. Wawili, mashati usoni. Mama Ashiru alikuwa uani anachambua mboga. Wakamuuliza kamera iko wapi. Kamera gani, akawauliza. Wakampiga na bomba la chuma mdomoni, meno manne yako kwenye kikombe hapa mezani kwangu. Mbuzi wetu yule mwenye mimba wakamchinja, wakampasua, wakakitundika kichwa mlangoni. Mimi nilikuwa nyuma ya pipa la maji na mkanda nimeufunga tumboni. Nilikuwa na kisu cha jikoni. Wallahi angeingia mmoja tu, ningemtoboa macho.

Nani aliwaambia, baba? Zaidi ya afande nilikuambia wewe tu, na uliowasomea ni damu yangu. Bahasha Helena aliipokea imegundishwa, na anaapa alikufikishia hivyohivyo. Nawaza mpaka kichwa kinauma.

Tuma vifaa. Upesi.

Mwanao,
Zuhra

*

Masasi, 29 Oktoba 2023

Zuhra,

Marahaba. Sote wazima.

Kwenye boksi kuna kila ulichotaka. Dawa nimezichanganya mwenyewe. Chupa yenye uzi mwekundu shingoni inatangulia, dakika nane, ukigeuza kopo kila dakika. Imwage. Kisha chupa yenye uzi mweupe, dakika tano. Kisha suuza. Dawa ni kidogo sana, usiijaribu kwanza, utaimaliza bure. Fuata nilivyoandika.

Picha za mkanda wa zamani wakati mwingine hazitoki. Zisipotoka, mwanangu, yachukulie kuwa ni amri ya Mungu, utulie umalize eda yako.

Baba

*

Newala, 9 Novemba 2023

Baba,

Salamu sina. Mama msalimie.

Jana asubuhi nilijifungia. Maji tulinunua ndoo mbili, hapa kwetu maji unayajua, nikayapoza mpaka kipimajoto kikasoma ishirini. Mkanda nilikuwa nimeurudisha ndani ya kikebe chake, nikabakiza nje ulimi, ile ncha yake ya mwanzo. Uliniandikia nisijaribu dawa. Lakini nani alinifundisha kujaribu? Nimekulia studio kwako, mikono haiwezi kuanza hivihivi. Nikaukata ule ulimi, ambao ulishapigwa na mwanga, nikautumbukiza kwenye chupa ya uzi mwekundu.

Ingekuwa dawa ya kutoa picha, ungekuwa mweusi tii. Haukuwa mweusi. Ulisafika ukabaki kama kipande cha nailoni. Ulinitangulizia dawa ya kukazia, inayofuta kila picha ambayo haijatolewa! Ningekufuata, ningetoa utepe mtupu, na ningejilaumu na vidole vyangu mpaka kufa.

Nikasema ni uzee. Nikasema ni macho. Nikakutetea kwa mama mkwe wangu asiye na meno, baba! Nikabadilisha chupa, nikasafisha, nikaanika kwenye kamba ya chandarua.

Picha zipo sita. Kwenye mkanda, cheusi huwa cheupe na cheupe huwa cheusi, lakini mimi nilijua kuusoma mkanda kabla sijajua kusoma kitabu. Katika ya nne kuna mtu kabeba gunia letu, kageuka upande wa kamera, anacheka. Ni Mujibu. Mujibu niliyembeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda. Nikausogeza mkanda dirishani nikaitazama tena, ndipo nikaelewa zile chupa.

Ulijua. Ulikaa chini ukafunga nyuzi shingoni mwa chupa, ukijua.

Ijumaa ijayo, tarehe kumi na saba, mkanda naukabidhi kwa afande. Mpeleke Mujibu polisi wewe mwenyewe kabla ya siku hiyo, ukitaka kubaki baba yangu. Usipompeleka, siku nikifa msije kunizika.

Zuhra, mke wa Ashiru

*

Masasi, mahabusu, 12 Novemba 2023

Mwanangu Zuhra,

Hukunisalimia, nami sikudai. Naomba vidole viunge vizuri na Mama Ashiru aweze kula. Mimi ni mzima, asubuhi wananipa uji.

Ni kweli niligeuza chupa. Barua yako ya mbuzi ndiyo iliyonizindua, maana siri ya mkanda niliitoa mimi, kwa kumsomea Mujibu. Siku hiyohiyo nilimfungua bandeji kwa nguvu. Haikuwa pikipiki. Yalikuwa meno ya mtu, ya juu na ya chini. Ashiru alimng'ata. Akanipigia magoti, akakiri kwamba panga la shingo ni lake. Nikaiogopa kamba ya kumnyonga, Zuhra. Nikasema mkwe ameshakwenda, nibakiziwe huyu. Nitukane, nastahili.

Barua yako ya mwisho nilimsomea juzi alasiri. Nikamwambia vaa shati, twende polisi. Akacheka. Akasema paa lako huko Newala ni la nyasi, mkanda na wewe mtaungua pamoja. Akachukua panga na kidumu cha petroli. Nikaziba mlango kwa mwili wangu. Akanipiga bapa la panga usoni, nikaangukia kinu. Nikaokota mchi. Nilikusudia goti, naapa kwa aliyeniumba. Akainama kuokota kidumu alichokuwa amekiweka chini, mchi ukampata kisogoni. Niliusikia mfupa. Alipigapiga miguu sakafuni kwa muda, nikamshika asiumie zaidi, kisha akatulia. Majirani walinikuta bado nimemshika.

Jana wamemzika, mimi nikiwa humu.

Mama yako alikuwa sokoni, hakusikia hata neno moja la yale. Nimemweleza mara tatu kupitia dirisha la hapa na hataki kuamini. Anasema nimemuulia mwanawe kwa uongo wako. Anakuja huko Jumatano, matanga yakiisha, na anakuja kwa shari. Akikupiga, usijikinge sana. Usimtukane Mujibu mbele yake. Mpe maji anywe, kisha msogeze dirishani umshikie mkanda. Yeye hajui kuusoma, mfundishe polepole, mpaka amwone mtoto wake anacheka.

Baba yako,
Khalfan