Mahali Ulipopaacha Wazi Mbele ya Nyumba

Mzee Magesa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza neno na wewe bila shikamoo, na sitaanza leo.

Nimekaa juu ya ile ndoo yetu ya kubebea mbolea, mlangoni kwa chumba changu hapa Nyasho. Mgongo umekataa kuinama. Ungekuwepo ungesema, "Muha, mgongo ni wa kazi, si wa kulalamikia," halafu ungenipa sururu nyepesi na wewe ukachukua ile nzito. Shule yangu iliishia darasa la tano, unajua, kwa hiyo nivumilie nikiandika ovyo. Nina habari ya kukupa na nina msamaha wa kuomba, na vyote vimetoka kwenye shimo moja.

Tangu tukuzike ni miezi saba. Simu zimepungua. Watu walikuwa wanampigia Magesa, hawakuwa wananipigia mimi. Nilirudi kubeba mawe kwenye majengo, nikapakua magunia ya dagaa mwaloni kando ya ziwa, na nilipofika chumbani nilikuwa nalala na viatu. Mke wangu alinipigia kutoka Kasulu akasema, rudi, mashamba yapo. Nikamwambia, ngoja nipate kazi moja ya kupanda miti, niifanye peke yangu mwanzo mpaka mwisho. Nikiiweza nabaki. Ikinishinda, nafunga mzigo.

Kazi ikaja. Neema, binti wa Mzee Wambura wa Mugeta, anafanya kazi ofisini hapa Musoma. Amewajengea wazazi wake nyumba mpya, ina vigae na baraza pana, akataka mti mmoja mbele. Mmoja tu, wa kuvuta macho, mgeni akishuka barabarani auone kabla hajaona paa. Alitaka mkrismasi, kama wote wanavyotaka, kwa sababu ya yale maua mekundu ya Desemba. Nikamjibu kama ulivyokuwa unawajibu wewe: ngoja kwanza nikaone udongo.

Nilikwenda nikauona. Udongo mweusi wa mbuga, ule ambao kiangazi unapasuka mpaka kandambili inazama, na masika unakushika mguu kama mtu anayekudai maelezo. Nikakumbuka ile nyumba ya Bunda uliyonipeleka makusudi, mkrismasi umepandwa hatua nne kutoka ukutani, mizizi imepita chini ya baraza na sakafu imevimba kama andazi. Uliniambia, "Mti wa mbele ni mwenyeji wa nyumba. Ukiweka mtukutu, atapokea wageni huku anabomoa." Nikauacha mkrismasi. Miashoki, ile miti mirefu myembamba, niliiacha pia, kwa sababu ikipangwa mstari inapendeza, lakini mmoja peke yake unaonekana kama askari aliyesahauliwa na wenzake, hayo ni maneno yako. Nikachagua ule mti wenye maua kama brashi ya kusafishia chupa. Hauogopi maji yakituama, hauogopi jua, mizizi yake haigombani na kuta, na mbuzi akionja jani moja harudi.

Neema alinung'unika kwenye simu. "Kaka, huo si kichaka? Mimi nataka mtu ashtuke."

"Atashtuka, dada. Ukichanua utafikiri umevalishwa."

Akacheka, akakubali. Nilijisikia mkubwa, Mzee. Nilitamani ungenisikia.

Halafu nikachagua mahali. Nilipima kwa hatua kama ulivyonifundisha, nikasimama barabarani, nikasimama mlangoni, nikachuchumaa. Upande wa kulia ukitoka mlangoni palikuwa na uwanja safi, umefagiwa, hakuna hata shina la muhogo. Niliona kama nimetengewa. Neema mwenyewe nilipomwelezea alisema, hapohapo.

Nikaanza kuchimba. Mzee Wambura alikuwa amekaa barazani na redio yake. Akauliza, "Unachimba nini hapo, kijana?"

"Shimo la mti, mzee."

"Refu hivyo?"

"Udongo wenu mgumu, mzee. Lazima nishuke chini niulainishe."

Akazima redio, akaingia ndani. Nikadhani ni jua.

Nililiacha shimo wazi lipate hewa, nikachanganya samadi pembeni, nikaenda kulala kwa jamaa wa pale senta. Asubuhi nakuta shimo limefukiwa. Limesawazishwa na limefagiwa. Nikamuuliza bibi, mke wa Mzee Wambura, nani amefukia. Akasema, "Labda upepo." Wake za wanawe wakacheka jikoni. Nikachimba tena, safari hii nikaongeza kina ili nimalize mapema. Asubuhi ya pili limefukiwa tena, na juu yake wameweka kiti, na juu ya kiti amekaa Mzee Wambura na redio yake.

Nikamwambia, "Mzee, naomba nifanye kazi."

"Fanya. Mimi nimekaa."

"Mzee, umekaa kwenye shimo langu."

"Langu," akasema, akaongeza sauti ya redio.

Hapo nilipandwa na hasira. Nilisema maneno ambayo ungenizaba kofi kama ungekuwepo. Nilisema kama hamtaki mti semeni, kama hamtaki Muha semeni, msinichezee kama mtoto. Nikabeba sururu, nikabeba na mche, nikaenda barabarani. Kichwani nilikuwa tayari nimefika Kasulu.

Bibi akanifuata na kikombe cha maziwa ya mgando. Alisubiri ninywe kwanza. Kisha akauliza, "Magesa ulikaa naye miaka mingapi?"

"Sita."

"Sita. Na hakukuambia kwamba kabla ya kuchimba unaulizaga mwenye boma atalala wapi?"

Nikasema atalala ndani, atalala wapi tena. Akanitazama kama anavyomtazama ndama aliyepotea njia.

"Hapo ulipochimba ni pake," akasema. "Baba yake amelala kule kwenye nyumba ya zamani, upande huohuo wa kulia. Sasa nani atakwambia, na mwenyewe amekaa anasikia? Ukipataja ni kama unamharakisha. Neema ni mtu wa mjini, alielekeza kwa simu tu. Na wewe unakuja unamchimbia mume wangu shimo, tena unasema lazima ushuke chini."

Mzee, nilicheka mpaka maziwa yakanimwagikia. Bibi naye akacheka, amejifunika mdomo na kanga. Kisha nikakumbuka mbele ya nyumba yako.

Kwetu Kasulu wazee wangu walilazwa nyuma, kwenye migomba. Sikujua kwenu mtu anapachagua mahali angali hai, anapafagia, anapita hapo kila siku na hasemi. Sasa naelewa kwa nini kila tulipofika kwa mteja ulinituma maji. Mimi nahangaika na dumu, wewe umekaa na mama wa nyumba mnaongea habari za ng'ombe, nikirudi unasema, "Tutapanda kushoto." Nilidhani unapima jua. Miaka sita nabeba maji na hukuniambia. Hapo nakulaumu, Mzee, na sitaficha. Ulinifundisha mizizi, samadi, mchwa, ukanifundisha kukata tawi lisilie, na hili moja ukalibeba peke yako.

Ila nadhani najua kwa nini. Ungelazimika kuniambia na habari ya pale kwako.

Unakumbuka nilivyokutania. Nilisema fundi wa miti mzima, Butiama yote inakujua, na mbele ya nyumba yako pako wazi kama upara. Ukasema, "Hapo tupaache kwanza." Sikuelewa. Ulipokwenda kwa dada yako Suguti wiki mbili, mimi nikaona nikufurahishe. Nilikuchagulia mjakaranda, mche bora kuliko yote tuliyokuwa nayo, shina limenyooka, nikaupanda palepale katikati ya upara. Ulirudi, ukauzunguka, ukalishika shina. Mama, mkeo, aliweka mkono mdomoni akaingia ndani, na mimi nikasema moyoni, amefurahi mpaka ameshindwa kusema.

Wewe ukasema, "Umeupanda vizuri. Umesimama wima."

Basi. Na kila nilipokuja kwako baada ya hapo nilikuta udongo wake umelowa, na lile kopo lako limewekwa pembeni. Ulikuwa unaumwagilia. Mzee, nilikupandia mti juu ya kaburi lako, ungali unatembea, na wewe ukaumwagilia ili mimi nisijisikie vibaya. Nimekaa na jambo hili tangu Mugeta na bado sijui niliweke wapi.

Siku ya mazishi vijana wa ukoo waling'oa ule mti kwa majembe mawili, wakautupa uani. Niliwavamia. Wakaniambia, "Muha, kaa pembeni," na mimi nikajua ndiyo basi, aliyenifanya mtu wa hapa amekufa. Nilifunga mizizi yake kwenye shati langu lililolowa, nikaja nao Nyasho, nikaupanda kwenye ndoo mbovu. Miezi saba sikukanyaga kwako. Mama alituma salamu mara mbili na sikwenda. Niliwawekea kinyongo watu wako kwa kosa ambalo nililipanda mwenyewe. Hilo ndilo ninaloomba unisamehe. Mengine tutayazungumza nikija.

Kutoka pale barabarani nilirudi kwa Mzee Wambura. Nilivua kofia. Nikasema, "Mzee, nisamehe, mimi ni mgeni wa mambo yenu. Mti wako unataka ukae wapi?"

Alisubiri wimbo wa redioni uishe. Kisha akanyanyua fimbo, akaelekeza kushoto, karibu na geti. "Pale. Nikikaa hapa niuone."

"Sawa, mzee."

"Na shimo liwe fupi."

Jikoni waliangua kicheko, na yeye mwenyewe mabega yakamtikisika. Nilichimba kushoto, nikapanda, nikaweka vijiti vya kuushikilia dhidi ya upepo. Kila nilipoinua kichwa alikuwa ananitazama kutoka kwenye kiti chake, na kiti hakikutoka pale juu ya udongo laini mpaka nilipomaliza. Neema alikuja akauona, akasema ni mdogo. Baba yake akamwambia, "Utakua. Hatuna haraka hapa."

Jumamosi iliyopita nilibeba ndoo yenye mjakaranda wako mpaka Butiama. Ulikuwa umekonda lakini umetoa majani mapya. Mama alinipokea kama niliondoka jana, na hilo liliniumiza kuliko kama angenifokea. Nilimpa pole upya, nikakaa, nikaongea habari za ng'ombe kwanza. Unaona nimejifunza. Kisha nikauliza, "Mama, nataka kuurudisha mti wa Mzee. Ni wapi nisiguse?"

Akanyoosha kidevu kando yako, upande wa kushoto. "Hapo pangu. Kwingine kote ni pako, panda."

Alivyosema "hapo pangu" ilikuwa kama mtu anayeonyesha mahali anapowekaga sufuria. Sikujua nitazame wapi.

Nilishinda pale nikitazama jua linavyozunguka. Udongo wako ni mwekundu, una changarawe, maji hayakai, mjakaranda unaupenda. Niliupanda upande wa magharibi, pembeni ya zizi, hatua kumi na nne kutoka kwako, nimezihesabu mara mbili, ili mizizi isije ikakusumbua wala kupasua saruji waliyokuwekea. Ukishakua, kuanzia saa kumi za jioni kivuli chake kitakufikia. Wale vijana walioung'oa walikuja kunisaidia kubeba maji. Mmoja akasema, "Muha, safari hii umeuliza?" Nikamwambia nimeuliza. Akasema, "Basi lete sururu nyepesi, hii nzito niachie mimi." Niligeuka nikajifanya naangalia zizi.

Sirudi Kasulu, Mzee. Si sasa. Mke wangu nimemwambia, amenuna, atakuja mwezi ujao aone mwenyewe. Jirani wa Mzee Wambura ameniita, anataka mti wa mbele, naye anataka mkrismasi. Bunda pia kuna mtu ameuliza. Mgongo utapona au hautapona, lakini kazi nitaifanya, na nitaifanya kwa jina lako mpaka watu wazoee na langu.

Ninakuahidi hili. Sitachimba mbele ya nyumba ya mtu kabla sijakaa na mama wa nyumba. Maji nitajituma mwenyewe. Na nikipata mtu wa kufanya naye kazi, nitamwambia siku ya kwanza, waziwazi, hata kama itanibidi nimwambie na pangu ni wapi. Sijapachagua bado. Nikipachagua utakuwa wa kwanza kujua.

Pumzika, Mzee wangu. Kopo lako nimelikuta palepale ulipoliacha, na Mama amesema ataumwagilia yeye siku nisipokuwepo. Amesema pia maua yakianza kudondoka atayafagia asubuhi na mapema. Nimemwomba yale ya upande wako ayaache.

Mimi, Elias, Muha wako.