Gari la Kumshusha Mama

Jumatatu, 3 Machi 2025

Kwa heshima na taadhima najitangazia kwamba leo, saa moja kasoro robo asubuhi, mkanda wa suruali yangu umehamia rasmi kwenye tundu la mwisho kwa sababu ya kitambi. Hakuna tundu jingine. Wananchi wa Kihonda waendelee na shughuli zao.

Nimeshona sketi nne za shule kabla ya chai. Ya tano nimeharibu pindo, kwa sababu dada Skola alipiga simu katikati. Madaktari wa macho watakuwa mjini Alhamisi ya wiki ijayo, na mama yumo kwenye orodha. Jicho lake la kulia lilishazibwa na mtoto wa jicho. La kushoto linaona ukungu tu. Madaktari hao wakiondoka, hakuna ajuaye watarudi lini. Skola anaishi naye huko Mgeta, milimani, atamwandaa. Kazi yangu ni moja: kukodi gari na kwenda kumchukua.

Nimesema sawa, nikarudi kufumua pindo la ile sketi. 

Jumatano, 5 Machi

Niandike hapa maana kusema siwezi. Naiogopa ile barabara.

Sijapanda Mgeta miaka sita. Kila Krismasi nasema nina wateja. Wateja gani, siku ya Krismasi? Nilipokuwa kijana nilishuka nimekaa juu ya magunia ya kabichi, lori likateleza kwenye kona iliyo chini ya kanisa la kigango. Nikaona vilele vya miti chini ya miguu yangu. Hatukuanguka. Mimi bado naanguka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwenye maegesho ya magari ya kukodi na futi kamba yangu ya kushonea. Madereva wamefurahi sana.

"Fundi, unalishonea gari suruali?"

Kosta: pana mno kwa barabara ile. Kirikuu: ni ya mizigo, na mama si gunia la karoti. Imebaki Haisi na Noa, zote za bwana mmoja, dereva wake Salumu. Haisi imeinuka vizuri, matairi mapya, na imeshapanda Mgeta mara nyingi. Lakini mlango wa abiria ni mmoja tu, wa kushoto. Wakati wa kushuka, kwenye ile kona, kushoto ni bonde.

Noa ina milango ya kusukuma pande zote mbili.

Salumu akachuchumaa, akaingiza kiganja chini ya tumbo la Noa kunionyesha lilivyo karibu na ardhi. "Hii ni ya harusi za kwenye lami, kaka. Chukua Haisi." Nikamwambia mama ana magoti mabovu, anataka gari la kuingia bila kupanda. Nikapima kizingiti mbele yake, nikaandika. Vipimo ni vya kweli kabisa.

Nimechukua Noa.

Jumapili, 9 Machi

Mvua tangu misa ya kwanza. Milima haionekani, na mimi sijaitafuta.

Skola amepiga tena. Mjomba Alfonsi anakuja nasi. Nilitegemea. Kwetu mama hashuki kwenda kupasuliwa bila kaka yake kuridhia na kuwapo. Ana miaka themanini na kitu, anatembea na fimbo, na ameshasema kiti cha mbele ni chake. Mbele ni kushoto. Nimemwachia kwa adabu kubwa. Mke wangu amenisifu kwa kuheshimu wakubwa.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Mke wangu amenikuta napiga pasi shati lilelile mara ya pili. "Baba Beni, unakwenda kwa mama yako au unakwenda kuposa?" Nimecheka.

Ningeweza kumpigia Salumu nibadilishe gari. Nimeshika simu mara tatu.

Jumatano, 12 Machi

Tumefika Kihonda. Mama mzima. Siandiki zaidi leo.

Alhamisi, 13 Machi

Wamemfanyia jicho la kushoto. Mjomba alikaa mlangoni na fimbo yake kama askari wa benki.

Skola anamsimulia kila anayekuja kwamba gari lilikwama kwenye kona na mdogo wake akaruka chini kulisukuma. Jirani ameniletea soda. Nimeinywa. Kila funda ni kama namwibia mtu.

Jumamosi, 15 Machi

Jana wamemfungua bandeji. Anaona.

Ukweli wa Jumatano ni huu. Maji yalikuwa yamechimba mfereji katikati ya kona. Haisi ingevuka. Noa ilikalia tumbo, tairi la nyuma la kushoto likabaki ukingoni. Salumu akasema taratibu, "Mtu asitoke. Tukae hivihivi." Mjomba mbele, Skola na mama nyuma upande wa bonde, na nyuma upande wa mlima mimi peke yangu. Uzito wangu ndio uliokuwa unalishikilia gari. Hilo nililielewa palepale. Na palepale nikasukuma mlango wangu, nikashuka.

Gari likateleza kuelekea bondeni, kama upana wa kiganja. Skola akamwita Bikira Maria. Mimi nilikuwa nimekumbatia jiwe, nimewapa mgongo. Mama yangu nilimwacha ndani.

Wakulima waliokuwa wanachimba viazi wakaja na majembe na kamba. Walipolivuta gari nikageuka, nikaweka mikono nyuma yake. Hapo ndipo Skola aliponiona. Ule mlango wa pili sikuuchagua kwa ajili ya magoti ya mtu. Salumu anajua. Hajasema.

Leo asubuhi nimemkuta mama amekaa kibarazani, anaangalia kila kitu: kuku, ndoo, sufuria. Nimemwamkia, akaniangalia muda mrefu.

"Umeota mvi, Kalisti."

"Ndiyo, mama."

"Pale kwenye kona nilipapasa kiti chako. Kilikuwa na joto. Wewe hupo."

Nilitaka kusema nilishuka kusukuma. Maneno yalikuwa tayari, Skola ameshayanyoosha vizuri. Nikasema, "Niliogopa, mama."

Akasogea kwenye benchi, nikakaa. Aliniuliza kama chai ipo.

Jumatano tunampandisha mama kwao. Nimeshalipia Haisi. Nimemwomba anishike mkono tukifika pale, na amekubali.