Sikio la Kushoto

Jumatatu, 13 Januari 1992. Lituhi

Asubuhi kama jana. Nimemwogesha Tekla, nimemvika gauni, nimemfunga vifungo. Mdogo wangu ana miaka tisa na hawezi kufunga hata kimoja: mkono wa kulia umejikunja kifuani tangu ile homa ya utotoni. Mama akampa uji. Tekla akashika kijiko kwa kushoto; Mama akakihamishia kulia. Uji ukamwagika. Kila siku hivyo. Katika nyumba hii mtu hali kwa kushoto.

Chuo kimefungwa kwa sababu ya mgomo wetu. Nimerudishwa nyumbani kusubiri. Sijui kusubiri.

Habari kubwa: wiki ijayo, Alhamisi, anakuja shuleni mtaalamu kutoka Songea kupima watoto wenye viungo vizito. Mkono unaweza nini. Ufundishwe nini ili mtoto ale, avae, aandike. Haijawahi kutokea hapa. Lazima Tekla apimwe.

Jumanne, 14 Januari

Mtaalamu ataona wanafunzi tu. Tekla si mwanafunzi. Mwaka wa tatu sasa anakataliwa darasa la kwanza kwa kipimo kile kile: mkono wa kulia upite juu ya kichwa, uguse sikio la kushoto. Asiyegusa hajafikisha umri. Wenzake aliocheza nao wako darasa la tatu. Yeye, kwa mujibu wa shule, bado hajakua! Nilipeleka cheti cha ubatizo. Mwalimu Mkuu hakukitazama. Kipimo ni kimoja kwa wote, akasema.

Yaani mkono haupimwi kwa sababu hasomi, na hasomi kwa sababu ya mkono. Nani aliyebuni ukatili huu akauita utaratibu?

Ijumaa, 17 Januari

Mkutano wa wazazi. Nilisimama. Nikanena juu ya haki, juu ya taifa lililoahidi elimu kwa wote na ambalo sasa, katika siku hizi za soko huria, linampima mtoto kama gunia la kahawa. Nilisema vizuri. Nilijisikia nikisema vizuri.

Mwalimu Mkuu akangoja nimalize. "Dada, chuo chenu mmeshakifunga. Shule yetu tuachieni."

Wazazi walicheka hadi wengine wakajifuta machozi. Mama hakucheka. Njiani alitangulia. "Umemkasirisha mwenye mlango," akasema. Basi.

Sauti iliyotikisa ukumbi wa chuo haikufungua darasa moja.

Jumapili, 19 Januari

Nimekata tamaa. Baada ya ibada nilimtafuta Padri atuombee kwa Mwalimu Mkuu. Yuko Mbinga, na mvua imeharibu barabara. Huenda hata mtaalamu asifike.

Alasiri nilimkuta Tekla nyuma ya vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wa ziwa letu, anajaribu kufikia sikio. Vidole vinaishia shavuni. Anajaribu tena. Sikuweza kumwambia aache, wala aendelee.

Namchukia Mwalimu Mkuu. Naichukia mvua. Najichukia.

Alhamisi, 23 Januari

Mtaalamu kafika. Gari lote tope.

Nilimpeleka Tekla bila kuitwa, Mama akatufuata. Mlangoni pa ofisi nilipiga goti. Mimi!

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Leo huna hotuba?"

"Sina, Mwalimu."

Akamgeukia Tekla. "Haya, mama. Sikio."

Watoto madirishani wakaanza kucheka. Tekla akakamata kiwiko cha kulia kwa mkono wa kushoto, akakivuta juu, juu zaidi, mdomo ameuuma, akalaza shingo mpaka sikio lenyewe likaufuata mkono. Vidole viligusa. Hakuna aliyecheka tena.

Mwalimu Mkuu alitazama ukuta. "Umegusa. Darasa la kwanza."

Nilitaka kumshukuru na kumrarua.

Mtaalamu, mama wa makamo, alimpima hadi adhuhuri: kikombe, vifungo, kamba, kalamu. Akasema mkono wa kulia hautaandika, wala usilazimishwe. Kazi yake iwe kuzuia karatasi. Wa kushoto ni mzima na mwepesi kujifunza. Kalamu na kijiko vihamie huko. Atarudi lini, hajui.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote.

Ijumaa, 24 Januari

Manyunyu. Ziwa limetulia. Redio haijasema lolote juu ya chuo.

Jioni, ugali wa muhogo na usipa. Mama alimnawisha Tekla mikono, yote miwili. Kisha akaisogeza sahani ya Tekla upande wa kushoto, akaketi, akaanza kula.