Hotpoti Iliyorudi Tupu

Mdogo wangu mpendwa Zaituni,

Umeona, nimeandika jina lako bila kukosea. Miaka ile ya mwanzo nilikuwa naandika Konsolata, nakata kwa mstari, halafu naandika Zaituni juu yake, mpaka ukaniambia niandike "mdogo wangu" tu yaishe. Leo limetoka mara moja. Nimekuwa nikilitamka peke yangu jikoni kwa karibu mwaka mzima, labda ndiyo sababu.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa kuwa simu yangu huipokei. Sikulaumu. Inaita mpaka inakatika, na mimi nabaki nimeiweka sikioni nikiingoja ile "shikamoo dada" yako, uliyokuwa ukiitupa haraka ili uniulize nimepika nini. Hapa Mugoma mvua imenyesha vizuri, maharage yamebeba, na kanisani wameshatangaza misa za Noeli. Kwa hiyo nimeanza kuwaza sufuria. Nikiwaza sufuria nakuwaza wewe, na nikikuwaza wewe chakula hakishuki.

Juzi jirani yetu mmoja, binti aliyeolewa hivi karibuni, alikuja kuniomba nimfundishe ndizi za sikukuu za Mama. Nikaanza kumweleza yeye, nikajikuta nakueleza wewe. Jogoo achemshwe kwanza peke yake, na tangawizi na kitunguu saumu, mpaka nyama ianze kuachia mfupa, maana jogoo wa kienyeji hataki kuharakishwa. Ndizi zimenywe ndani ya maji zisije zikawa nyeusi. Chini ya sufuria vitunguu na nyanya, halafu ndizi, halafu nyama, kisha karanga zilizotwangwa zikorogwe kwenye ile supu na kumiminwa juu ya vyote. Funika kwa jani la mgomba. Kuanzia hapo wengi wanaharibu, wanaingiza mwiko. Mama hakuruhusu mwiko. Sufuria ilishikwa huku na huku kwa matambara na kutikiswa, wewe upande huu, mimi upande ule, na yeye amesimama katikati yetu.

"Tikiseni," alikuwa anasema, "msipigane."

Mimi nilivuta kwa nguvu zaidi kwa sababu mimi ndiye mkubwa, na mchuzi ulimwagika upande wako. Lile kovu kwenye kiganja chako ulilipata hapo. Sikuwahi kukuomba radhi kwa hilo, kwa hiyo liongeze kwenye yale utakayoyasoma huku chini.

Siku ya pili ilikuwa siku ya viporo, nayo mimi na wewe tuliipenda kuliko Noeli yenyewe. Mama alisema jiko nalo lipumzike. Ndizi zilizolala zilikatwa vipande na kukaangwa na kitunguu kingi mpaka pembeni ziwe za kahawia, maharage yakakaushwa motoni mpaka yashike chini, na tuligombania ukoko kwa vijiko. Chai ya rangi pembeni. Halafu jioni maandazi ya ndizi mbivu. Ndizi ndogo zile tamu, zilizoiva mpaka ganda limekuwa jeusi na watu wengine wangezitupa, unaziponda kwa mkono, unaongeza unga wa muhogo kidogo kidogo mpaka donge liache kushika vidole, na chumvi, si nyingi, ya kubana kwa vidole viwili. Wewe ulikuwa fundi wa kuyakata kwa mdomo wa kikombe cha bati. Mimi nilikuwa fundi wa kuyaunguza. Siku moja ulimuuliza Mama kwa nini kitu kitamu kinatiwa chumvi, akakujibu bila chumvi utamu unakuwa wa kitoto.

Tuliwapelekea majirani kwenye sahani, na sahani zao zilipokuwa kwetu hazikurudi hivi hivi. Mama alizikagua mlangoni.

"Usiludishe chombo cha mtu kitupu, Konsolata. Huna kitu, weka hata chumvi."

Ulipoolewa na Sudi ukasilimu, mimi nilinuna. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba Mama hakununa hata siku moja. Alikwenda gulioni akarudi na sufuria mpya kichwani, akaitundika ukutani peke yake. Nikamuuliza ya zamani ina ubaya gani. Akasema ile imeshapikiwa nguruwe, na mwanangu akija Noeli atakula kwenye nini? Kisha akashuka mpaka kwa Mzee Issa, akamwomba awe anakuja kutuchinjia kila mkesha. Kuanzia mwaka huo hakuna jogoo aliyekufa uani kwetu mkono wa Mzee Issa usipohusika. Na wewe ukaja na pilau uliyofundishwa na mama mkwe wako huko Runazi, ukaja na kashata za karanga na visheti kwenye mfuko wa karatasi. Mama akawa anaikalia pilau yako kama wali wa harusi. Ndizi zangu alikula vijiko vitatu, akasifia, akarudi kwenye pilau. Nilivihesabu hivyo vijiko, Zaituni. Mtu mzima na watoto wanne, nakaa kuhesabu vijiko vya mama yangu.

Sasa tufike kwenye Noeli iliyopita. Ilikuwa ya kwanza bila Mama, na jiko limeachwa mikononi mwangu. Mlifika jioni ya mkesha, wewe na Sudi na watoto. Watoto waliniamkia, "Shikamoo mama mkubwa," mara tatu tatu wakidhani kila shikamoo ina andazi lake. Ukaniuliza kama Mzee Issa ameshakuja. Nikakujibu, "Amekuja, amechinja, ameondoka." Ulikuwa umevua viatu tayari. Ukasema alhamdulillahi, ukaingia kumenya vitunguu saumu.

Mzee Issa hakuja. Alikuwa kwa binti yake Kabanga. Jogoo nilimchinja mimi, mchana ule ule, nyuma ya jiko, kwa kisu cha kumenyea ndizi. Nilikuwa na haraka. Mlikuwa njiani, moto unawaka, na nisingeweza kuanza kutafuta mtu.

Tukala. Mama alipokuwa hai nilingoja neno moja miaka yote hiyo, na siku hiyo lilitoka kinywani mwako. Ulilamba mchuzi kwenye kidole, ukafumba macho, ukasema, "Dada, leo umepika kama Mama." Machozi yalikutoka. Nami yakanitoka, ukadhani tunalia kitu kimoja.

Siku ya viporo ulijaza ile hotpoti yangu nyekundu umpelekee mama mkwe wako. Nilikuangalia ukipanga vipande vizuri vizuri, paja juu, kwa ajili ya mwanamke mzee ambaye hajawahi kunikosea, aliyenitumia khanga ya msiba Mama alipofariki na akaja mwenyewe kutoka Runazi, kwa kubadili magari, na miguu yake ile iliyovimba. Ningeweza kusema pale. Ningeweza hata kuiangusha hotpoti kwa makusudi. Nilikushikia kifuniko.

Na yeye ndiye aliyenifichua, kwa wema wake tu. Alikula, akapenda, akakwambia umpigie huyo mzee wa Mugoma anayewachinjia umfikishie salamu zake. Ukampigia. Mzee Issa akakwambia, "Mwanangu, nisamehe, mwaka huu sikuwapo. Nirikuwa Kabanga tangu wiki ile. Nani amewachinjia?"

Uliponipigia hukupiga kelele. Heri ungepiga.

"Dada, nani alichinja?"

Nikasema ni kuku tu.

"Sijauliza ni nini. Nimeuliza nani."

Ndipo Sudi akaichukua simu, nikajiandaa kutukanwa, nilikuwa na majibu yangu tayari kabisa. Akaniamkia kwanza. Kisha akasema taratibu, "Sisi hatukujua, shemeji, Mungu atatusamehe. Wewe ndiye uliyejua." Yale majibu yangu bado ninayo, sijapata wa kumpa.

Wiki mbili baadaye mfanyabiashara mmoja wa maharage akaniletea hotpoti yangu. Ilikuwa imeoshwa mpaka inang'aa. Nilifungua kifuniko palepale barabarani mbele ya watu, kama Mama alivyokuwa akikagua sahani mlangoni. Nikaingiza mkono mpaka chini. Hakukuwa na kitu. Nikajua hukusahau kuweka kitu, kwa kuwa wewe ndiye uliyefundishwa zaidi kuliko mimi.

Zaituni, rudi nyuma usome pale nilipoandika kwamba nilikuwa na haraka. Nilitaka kukikata kile kipande, nimekiacha ili uone jinsi nilivyo. Haikuwa haraka. Pale senta kuna vijana wawili wa Kiislamu wanaouza vocha, ningemtuma mtu, wangekuja na kuondoka kabla maji hayajachemka. Nilisimama uani nimemshika yule jogoo kwa miguu nikajiambia: jiko hili sasa ni langu. Miaka yote jiko la mama yangu limepangwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyehama. Sufuria kwa ajili yako, kisu kwa ajili yako, mzee anapanda kilima kwa ajili yako. Mimi niliyebaki, niliyemwogesha Mama siku zake za mwisho, nilikula kwenye chochote kilichokuwapo. Nikasema acha nione kama ulimi wake utajua. Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwangu. Ulimi wako haukujua, na mimi nikafurahi. Nilifurahi kuanzia ulipolamba kidole mpaka nilipoona unapanga paja juu.

Ndiyo sababu sikuja Idi. Kila Idi nilikuja Runazi, na mama mkwe wako ananikalisha karibu naye, ananipa kitumbua cha kwanza. Mwaka huu nilifika mpaka stendi Ngara mjini na nguo zangu nzuri, nikakaa, nikarudi nyumbani. Nilimwambia mume wangu gari limejaa. Unaona, uongo nimeshauzoea.

Tangu siku ile sijapika ndizi za Mama. Binti wa jirani nilimweleza kwa mdomo tu. Alipika kwake, akaniletea kwenye bakuli, zikawa nzuri kuliko zangu, nikashindwa kumeza, akadhani amekosea karanga. Maandazi ya ndizi nilijaribu mara moja. Nilikata duara kumi na mbili kwa kikombe kile kile cha bati, nikakumbuka watoto wako na shikamoo zao za mfululizo, nikalifinyanga tena lote likawa donge, nikalirudisha kwenye bakuli mpaka likachacha. Sufuria ya Mama bado imetundikwa. Nimeisugua, ingawa haikuguswa na kitu kibaya zaidi ya mkono wangu.

Mzee Issa nilimwendea mwenyewe. Nilimpigia magoti kwenye kizingiti nikamwambia yote. Akasema, "Mimi hukunikosea, mama. Nenda kwa uliyemrisha." Sasa mama mkwe wako ndiye niliyemlisha, na mbele yake naogopa kuliko mbele yako. Sijui kama ulimwambia. Kama hukumwambia, sikuombi uendelee kunifichia. Nikipata nafasi nitamwambia mwenyewe, nikiwa nimeketi chini.

Barua hii anakuletea mwalimu mmoja wa hapa anayefundisha huko kwenu Runazi, Biharamulo, anarudi kuchukua vitu vyake kabla ya sikukuu. Nimempa na mizigo miwili, naye amelalamika vya kutosha, usimwongezee. Wa kwanza ni jogoo. Ni yule mwekundu mwenye mkia mrefu uliyemsifia akiwa bado kifaranga. Nimemfunga miguu tu, shingo yake sijaigusa. Sudi amchinje mwenyewe, au msimchinje, mfugeni. Akiwika asubuhi mjue ni mimi ninawaamsha.

Mzigo wa pili ni hotpoti. Sijaweka chakula nilichopika, nani atakula chakula changu sasa? Nimeweka karanga mbichi na maganda yake, na zile ndizi ndogo tamu ambazo hazijaiva, zikifika huko zitakuwa zinaanza kuwa za njano. Ngoja ganda liwe jeusi. Unga wa muhogo mnao. Wakatie watoto kwa kikombe.

Sikuombi uje Noeli hii. Natamani, ila sina mdomo wa kuomba. Nitakaa hapa na sufuria ukutani, na Mzee Issa ameahidi yupo mwaka huu, kisu chake ameshakinoa. Ukiona bado, basi bado. Ila mwalimu anageuza Jumamosi, na atapita kwako kuchukua hotpoti.

Ikirudi tupu nitaelewa, nitaitundika, sitakusumbua tena. Lakini mdogo wangu, kama kuna mahali hata padogo moyoni mwako ambapo bado ni dada yako, usinijazie pilau, usiniwekee kashata. Weka chumvi. Ya kubana kwa vidole viwili tu. Nitaingiza mkono mpaka chini, nitaipata.

Nisalimie Sudi, na unibusie watoto. Mama mkwe wako mpe shikamoo yangu, kama bado anaipokea.

Ni mimi dada yako,
niliyekuwa navuta sufuria upande wangu.