Leo Unaonja au Unajitosa?

Mpendwa Baba Zuhura,

Asalaam aleikum huko uliko. Mvua imekatika sasa hivi na ukungu bado umekaa juu ya mlima kama mgeni asiye na pa kwenda. Naandika kwa herufi za chuo cha Kurani, zile zile ulizokuwa ukinicheka kwamba zinatembea kama siafu. Cheka tu. Leo nina neno.

Unakumbuka ulipoanza kazi kwenye machimbo ya ulanga, yale mawe ya kung'aa, ya yule Mdachi, miaka ile gari moshi halijafika Morogoro na mizigo yote ikishuka mlimani kwa mabega ya watu? Ulirudi unang'aa mwili mzima, ulanga umekuganda hadi kwenye nyusi. Ukambandulia Zuhura kipande chembamba kama ganda la kitunguu, akakiweka jichoni akanitazama. "Mama amekuwa wa dhahabu!" akasema.

Nilipokuuliza kazi ikoje, ukanieleza kwamba kule shimoni neno hatari halitamkwi. Mvua ikinyesha udongo hulainika, basi mtu mmoja hutangulia, anagonga dari kwa mpini wa sururu na kusikiliza. Ikilia kavu, anawaita wenzake. Ikilia kama mtungi mtupu, anatoka polepole. Kazi hiyo mliiita kuonja, na mwonjaji ulikuwa wewe.

"Si kubahatisha huko?" nikakuuliza.

"Anayebahatisha hasikilizi. Mimi naiuliza dari, ikinikatalia natoka."

"Na kuthubutu je?"

"Kuthubutu ni siku ile nilipokwenda kwa mjomba wako kukuposa."

Tulicheka mpaka uji ukafurika jikoni.

Likabaki neno kujitosa. Ukasema hilo ni la mtu asiyeuliza chochote, anaingia tu. Nikakuapisha usijitose. Tangu hapo, kila asubuhi ya mvua nilisimama mlangoni na sururu yako mkononi: "Leo unaonja au unajitosa?" Ukisema, "Naonja, Mama Zuhura," ndipo nikupe. Bila jibu huipati.

Siku ile ya mwisho pia ulijibu. Mdomo ulikuwa umejaa gimbi, nikakwambia sijasikia, ukarudia.

Yaliyofuata alinisimulia Kibwana, mwenzako wa shimo moja. Uligonga, dari ikalia kama mtungi mtupu, ukatoka. Nyapara akanuna. Kibwana naye akaanza maneno yake: "Jamaa huyu anamwogopa mkewe kuliko mwamba! Tupishe kaka, nenda kasage mahindi."

"Kusaga naweza," ukamjibu. "Njoo baadaye nikupe unga."

Watu wakacheka, naye akaingia. Dari ikashuka. Akasikika ndani anamwita mama yake. Wewe hukugonga, hukusikiliza. Uliingia mbio, ukamfukua, ukamsukuma nje kwenye upenyo, na huku unamsukuma ukamwambia, "Mwambie Mama Zuhura leo sikuonja." Mlima ukajifunga nyuma yake.

Tukakuswalia ghaibu, maana hapakuwa na mwili wa kuosha. Matangani kila mtu alileta neno lake. Mjomba alisema umejihatarisha bure. Mwalimu wa chuo alisema ulitawakali, na anayemwachia Mungu mambo yake hapotei. Wanawake wakasema ulikuwa jasiri. Niliwaitikia wote. Kadari ya Mola wangu sibishani nayo, Baba Zuhura, nasali na nafunga. Lakini hakuna hata neno moja kati ya yale lililonifuta machozi. Kila Idi Kibwana ananiletea kuni, anakaa kwenye kigoda chako. Namtazama kifua kinavyopanda na kushuka, nami najiuliza pumzi ile ni ya nani.

Sasa Zuhura ameolewa, na mumewe amepata kazi machimboni, kwenye shimo jingine. Leo alfajiri ilinyesha sana. Nilikuwa nakoka moto nikamsikia binti yako mlangoni: "Leo unaonja au unajitosa?" Wallahi sikumfundisha. Kumbe alikuwa akitusikia, na udogo ule wote.

"Naonja, mke wangu," kijana akasema, akicheka. Akapewa sururu yake akaenda.

Zuhura akanigeukia, uso umetulia, kama nilivyokuwa natulia mimi. Nikainama nikapuliza moto. Ningemwambia nini? Kwamba baba yake naye alijibu kweli? Kwamba mume anayeogopa dari unaweza kumwapisha, lakini asiyeweza kumwacha mtu analia huna la kumwapisha, na kwamba ni kwa ajili ya hilo hilo nilimpenda baba yake?

Nikimaliza hapa nitatoka niketi naye mlangoni. Nitamwambia tuchambue mchicha. Tutachambua mpaka jioni, na kila tukisikia hatua njiani tutasikiliza kwanza kabla ya kuinua macho.

Mwenyezi Mungu akupe nafasi pana, wewe uliyefunikwa na mlima mzima.

Mkeo, uliyemjibu kweli,
Mama Zuhura