Mtandio Tulioutafuta Pamoja

Eddo,

Nakuandikia kwa Kiswahili, shangazi yangu. Kwa Kisomali nitalia kabla sijafika mstari wa pili, na hii ndiyo lugha uliyonisahihishia insha jikoni, miguuni bado umevaa raba zako za kazini. Leo sitaki kulia. Nina swali, na ninaona ajabu kulileta kwako, kwa sababu siku zote mwenye kuuliza ulikuwa wewe.

Kwanza habari za nyumbani. Baba hasemi sana tangu akuzike, dada yake wa pekee. Asubuhi husimama mlangoni pa chumba chako kama anayesubiri umwambie, "Umepoteza nini tena, wewe mzee?" Maji ya mto yamerudi mahali pake, lakini homa iliyokuchukua bado inazunguka mtaani. Kituoni wameleta mpelelezi mwingine badala yako, mwanamume. Wauza maziwa wanasema anauliza maswali kwa sauti kubwa hata mwizi aliye ng'ambo ya Tana anasikia. Wanakukumbuka sana. Hakuna wa kumtania tena: "Askari wa buibui, leo unakamata nani?" Nawe ungejibu, "Anayetia maji kwenye maziwa, mama. Kaa hapo hapo."

Mimi nimemaliza Kidato cha Nne. Ulivyotaka.

Unakumbuka punda wa Mzee Dekow? Nilikuwa Kidato cha Tatu. Mzee alikuja kituoni akilia kwamba punda wake wa kuvuta maji ameibwa, wenzako wakacheka, wewe ukatoka kufuata kwato. Kwato moja ilikuwa imepasuka, ukaifuata mchangani mpaka shamba la migomba kando ya mto. Punda hakuwa ameibwa. Alikuwa nyuma ya kibanda cha pampu, anatafuna majani ya watu.

Nasi tulikuwa ndani ya kibanda. Mimi na Yunis, kijana aliyeendesha ile pampu. Tulikaa mbali mbali na kati yetu kulikuwa na tikiti maji, wallahi hapakuwa na zaidi. Lakini mtandio wangu wa kijani, ule alioninunulia yeye, nilikuwa nimeufukiza uunsi wako, udi ule wa kupikwa. Nilichota kidogo tu kwenye kopo lako mchana ulipolala. Nilijua msichana hajifukizi, kwamba ule moshi ni wa wake za watu. Nilitaka kunukia kama mtu mkubwa. Na uunsi wako ulikuwa ukiupika mwenyewe, sukari yako, sandali yako, mafuta yako, hakuna mwanamke mwingine Garissa aliyenukia hivyo. Ulisimama nje ukanusa kabla hujachungulia. Nilikusikia ukisema, "Huu ni wangu."

Ukaingia. Yunis alishika kisu cha tikiti, akakiona mkononi mwake, akakitupa kama kimemuunguza. Kisha ukasema, "Mimi leo natafuta punda. Watu sikuona." Ukamshika punda sikio ukaondoka naye.

Usiku ule sikulala kwa kukupenda.

Baadaye mtandio ukapotea kwenye kamba ya nguo. Nilikuja kwako mbio, kwa sababu nani mwingine ningemwambia? Ukasema, "Eddo, tulia, kwani huna mpelelezi nyumbani?" Hivyo ndivyo ulivyoniita, jina lile lile nililokuita mimi. Tukatafuta pamoja. Ulikagua nyayo chini ya kamba. Ulimhoji mbuzi wa jirani mpaka nikacheka. Uliinua hata godoro langu.

Haukupita muda, Yunis akahama na mama yake. Hakuniaga. Nililia mapajani pako, nawe ukanipapasa nywele ukasema, "Mvulana ni kama laga. Hujaa leo, kesho ni mchanga mtupu. Shika vitabu." Nikavishika. Nilimchukia Yunis kwa bidii, kama somo.

Sasa nikuambie kilichotokea kwenye taazia yako.

Wanawake walijaa uani, nami nilikuwa nikigawa chai. Kwenye mkeka wa nyuma alikaa mgeni aliyetoka Rhamu kumuuguza dada yake, akasikia kwamba umefariki, akaja. Niliona mtandio kabla sijaona uso. Kijani, na pembeni pale nilipoushona mwenyewe uliponaswa na mwiba, kwa uzi mweusi kwa sababu wa kijani sikuwa nao. Nikaenda kwake na sinia.

Alikuwa Mama Yunis. Alinishika mkono kwa upendo.

"Allah amrehemu eddo yako," akasema. "Na mumeo wa Nairobi, hajambo?"

"Mume gani, mama?"

"Aa! Bado una haya zako zile." Akawaambia wenzake, "Huyu alikuwa akiongea na chai, si na watu." Wakacheka. Kisha akaugusa mtandio. "Usikasirike kuuona kwangu. Ulipomrudishia kijana wangu kwa mkono wa eddo yako, alitaka kuuchoma. Nikamwambia kitambaa kizuri hakichomwi."

Nikamwomba anieleze. Alinieleza bila ubaya wowote, akidhani nayajua. Kwamba ulienda kwake na sukari na majani ya chai, kwa upole. Kwamba ulimwambia nimeposwa na mtu wa Nairobi na nimeridhika, na kwamba ndugu zangu wakisikia habari za kibanda watamvunja mtoto miguu. Yunis alikataa kuamini. Ndipo ukautoa mtandio.

Sasa Yunis analima vitunguu kando ya mto Daua, kule Rhamu. Ana mke, na mke ana mimba. "Alikusubiri kidogo," mama yake akasema, "labda ungetuma neno."

Nilimaliza kugawa chai. Sikumwaga hata tone, Eddo.

Najua ungejitetea vipi. Ungesema ndugu zangu wana hasira kweli, na huo si uongo. Ungesema ningeachishwa shule, nikaolewa haraka kuficha aibu. Labda. Labda uliniokoa. Lakini ungeweza kuniketisha ukaniambia, "Nimeona, na nitamwondoa." Ningelia, ningekuchukia mwezi mzima, kisha ningekurudia. Wewe ulichagua nimchukie yeye. Ukanifuta machozi uliyoyaleta mwenyewe.

Swali langu ni hili. Ulipoinua godoro langu siku ile, mtandio ukiwa tayari mikononi mwa Yunis, ulikuwa unatafuta nini?

Nimelipindua sana. Mwenye jibu yuko chini ya mchanga.

Mama alitaka kuligawa kopo lako la uunsi. Nilikataa, liko kwangu, limefungwa. Siwezi kulifungua, na kulitupa pia siwezi. Kila Ijumaa nakusomea Fatiha kwa sababu ni haki yako, na kwa sababu mkono wangu bado unautafuta mkono wako nikivuka barabara ya sokoni. Lakini sitasema nimesamehe wakati sijasamehe. Umenitosha uongo wa kunihurumia.

Lala, Eddo. Mungu akupanulie kaburi lako. Ninakuahidi jambo moja: siku nitakayokusamehe, nitakuja mwenyewe mpaka ukuta wa makaburi, nikuambie kwa mdomo wangu. Sitamtuma mtu, na sitatuma kitambaa.

Eddo yako,
Sahra